Harriet Tubman aliwatoa wangapi utumwani? Jibu kwa mama aliyeandika kutoka Maryland

"Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunaishi kaunti ya Baltimore, jimbo la Maryland, na kwetu ni Taita. Binti yangu wa darasa la nne alipewa kazi ya kuandika juu ya watu mashuhuri wa historia ya jimbo hili. Aliandika kwamba Harriet Tubman, mtumwa wa Maryland aliyetoroka, alirudi Kusini, kwenye majimbo ya utumwa, mara 19 akawatoa watu 300 utumwani, na kwamba ilitangazwa zawadi ya dola 40,000 kwa atakayemkamata. Mwalimu alizipiga mstari tarakimu zote tatu kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni '70 hivi', bila maelezo. Mtoto alilia, na mimi nilikasirika, kwa sababu tarakimu hizo tumezisoma kwenye vitabu. Babu yake aliye Voi amemwambia kwa simu amwongeze Thurgood Marshall, mtu wa Baltimore aliyeandika katiba ya Kenya. Sasa naogopa hata hilo litapigwa mstari. Nani anasema kweli? Niende shuleni nikalalamike?"

Dada yangu, ndani ya barua yako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la tarakimu, na jibu lake ni jepesi kulitoa ingawa si jepesi kulipokea: mwalimu amesema kweli. La pili ni la moyo. Unahofia kwamba anayeipunguza idadi anampunguza na mwenyewe, na kwamba binti yako ameambiwa kwa kalamu nyekundu kuwa shujaa anayefanana naye ni mdogo kuliko alivyodhani. Hofu hiyo naielewa, na haikuzuka hewani, kwa maana historia ya watu weusi wa Marekani imepunguzwa mara nyingi na kwa makusudi. Lakini katika jambo hili waliozipunguza tarakimu ni watafiti waliomthamini Harriet kiasi cha kumtafuta jina kwa jina katika makaratasi ya mahakama, magazeti ya zamani na barua za watu waliowaficha watoro, na walichokikuta huko kinamwonyesha akiwa mkubwa zaidi, wala si mdogo.

Nianze na chimbuko la hizo 19 na 300. Mwishoni mwa mwaka 1868 mwandishi mmoja wa jimbo la New York, Sarah Bradford, alimwandikia Harriet kitabu cha maisha yake. Nia ilikuwa njema: Harriet alikuwa na deni la nyumba yake kule Auburn, alikuwa akiwatunza wazazi wake wazee, na serikali aliyoitumikia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa haijamlipa stahili yake. Kitabu kiliandikwa harakaharaka, kwa sababu mwandishi alikuwa karibu kusafiri kwenda Ulaya, na katika haraka hiyo akaandika kwamba Harriet alifunga safari 19 na kuwatoa watu 300. Harriet hakujua kusoma wala kuandika, hivyo asingeweza kukaa na mswada akasahihisha ukurasa baada ya ukurasa. Tarakimu zikaingia katika kitabu kimoja, kutoka hapo zikanakiliwa katika kingine, na baada ya miaka 100 zikawa zinasomwa kama zilizothibitishwa, ilhali vitabu vyote vilikuwa vinakunywa kisima kimoja.

Harriet mwenyewe alisema nini? Alipohutubia mikutano ya wapinga utumwa mwaka 1858 na 1859, aliwaambia wasikilizaji kwamba alikuwa amerudi mara nane au tisa na kuwatoa watu kati ya 50 na 60. Baada ya hapo alifunga safari moja tu ya mwisho, mwishoni mwa mwaka 1860. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza dhidi ya 300 ni kinywa cha Harriet. Wanahistoria walipokusanya kumbukumbu za William Still, aliyewapokea watoro mjini Philadelphia na kuandika habari zao kwa siri, pamoja na barua za Thomas Garrett wa Wilmington, aliyewasaidia watoro, matangazo ya magazetini na mashauri ya mahakama, walifikia safari 13 hivi na watu wapatao 70. Kuna wengine karibu idadi hiyohiyo ambao hakuwaongoza yeye, bali aliwapa maelekezo ya njia wakafika wenyewe. Mweleze binti yako pia, kama bado hajajua, kwamba ile iitwayo Reli ya Chini kwa Chini haikuwa na behewa wala injini: ilikuwa mtandao wa watu, weusi kwa weupe, waliopokezana watoro nyumba kwa nyumba usiku.

Kila mmoja katika hao 70 ana uzito wake, na hapo ndipo ningependa ukae na binti yako muda mrefu zaidi. Chukua mfano wa Kessiah, mpwa wa Harriet. Mwezi Desemba 1850 aliletwa mnadani mbele ya jengo la mahakama ya kaunti ya Dorchester, katika mji wa Cambridge, pamoja na watoto wake wawili, James Alfred na mtoto mchanga aliyepewa jina la Araminta, ambalo ndilo jina Harriet alilozaliwa nalo. Mume wa Kessiah, John Bowley, alikuwa mtu huru na fundi wa mashua. Alisimama katikati ya wanunuzi, akapandisha bei ya mkewe na wanawe hadi akashinda mnada. Dalali akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi na kumwita mnunuzi alete fedha, hakuna aliyejitokeza, na familia nzima ilikuwa imekwisha kufichwa katika nyumba ya jirani. Usiku ulipoingia wakapanda mashua ndogo, wakapandisha Ghuba ya Chesapeake wakati wa baridi kali, na Harriet alikuwa Baltimore akiwasubiri ili awapeleke mbele. Hao ni watatu tu. Ukishaona kazi, hila na hatari iliyoingia katika kuwaokoa watatu, neno "70" linaacha kuonekana dogo. Anayeandika 300 kwa wepesi hulazimika kumfanya Harriet mtu wa miujiza, na mtu wa miujiza hahitaji mashua, wala mume aliye tayari kusimama mbele ya dalali, wala jirani mwenye nyumba ya kufichia watu.

Sasa zile dola 40,000. Zilitajwa mwaka 1867, vita vikiwa vimekwisha, katika barua ya mwanaharakati mmoja aliyekuwa akiwahimiza watu wamsaidie Harriet. Hakuna tangazo la zamani lenye kiasi hicho lililowahi kuonekana. Ulinganishe na hili: John Wilkes Booth, naye mzaliwa wa Maryland, alipomuua Rais Lincoln mwaka 1865, serikali nzima ya Marekani ilitangaza dola 50,000 kwa atakayemkamata. Wakulima wa Dorchester wasingeweza kukaribia kiasi hicho, na zaidi ya hayo walikuwa hawajui kwamba anayewachukua watu wao ni yule Minty (kifupi cha Araminta) aliyewatoroka zamani. Kutokujulikana ndiyo iliyokuwa ngao yake.

Tangazo la kweli lipo, na ningemshauri binti yako alinukuu badala ya hizo dola 40,000. Liliandikwa tarehe 3 Oktoba 1849 na Eliza Brodess, mjane wa bwana wa Harriet, baada ya Harriet na kaka zake wawili kutoroka tarehe 17 Septemba. Kwa kila mmoja aliahidi dola 100 akikamatwa nje ya jimbo, na dola 50 akikamatwa ndani ya jimbo. Linamtaja Minty kuwa ana umri wa miaka ipatayo 27, rangi ya hudhurungi, sura nzuri, na kimo cha futi 5 hivi. Nimewahi kulisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi, na darasa lilinyamaza lenyewe. Mwanamke anayemtaka arudishwe jela kama mali iliyopotea analazimika, ili apatikane, kuandika kwamba ana sura nzuri. Wale kaka walirudi nyuma kwa hofu wakamrudisha na yeye, kisha baada ya muda mfupi akaondoka tena, safari hii peke yake.

Kuna na kiasi kingine cha fedha kilicho katika kumbukumbu, nacho ni kidogo sana: dola 30. Mwaka 1860 Harriet alirudi Dorchester kumchukua dada yake Rachel, akakuta amekwisha kufariki. Watoto wawili wa Rachel, Ben na Angerine, wangeweza kutolewa kwa hongo ya dola 30, na Harriet hakuwa nazo. Aliwaacha. Hakuondoka mikono mitupu, maana aliichukua familia ya Ennals, wazazi na watoto wao, mmoja akiwa mchanga aliyenyweshwa dawa ya usingizi ili asilie njiani. Ukiniuliza ni tarakimu gani moja ambayo mtoto wa darasa la nne anapaswa kuikumbuka juu ya Harriet Tubman, nitamwambia ni hiyo 30 kabla ya ile 70.

Idadi kubwa ya watu nayo ipo, ila si ya Maryland. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Harriet aliwaongoza askari weusi wa Kanali James Montgomery kupanda mto Combahee, South Carolina, na watu zaidi ya 700 wakapata uhuru katika operesheni hiyo moja. Huenda waliosikia 300 na waliosikia 700 walikuwa wakitafuta njia moja tu ya kusema kwamba mwanamke huyu alifanya jambo kubwa; basi binti yako aiandike Combahee, na hakuna kalamu nyekundu itakayoigusa. Maryland yenyewe ilimtunuku cheo cha Brigedia Jenerali wa jeshi la akiba la jimbo mwezi Novemba 2024, miaka 111 baada ya kifo chake.

Hapa niseme neno juu ya sababu ya tarakimu za watumwa kuyumba, kwa sababu ukiifahamu hutashangaa tena ukikuta vitabu viwili vinapingana. Mtumwa aliandikwa pale tu alipomgharimu bwana fedha au alipomwingizia. Mwaka wa kuzaliwa kwa Harriet uliandikwa kwa kubahatisha kwa miaka mingi, wengine wakisema 1820 na wengine 1825, hadi ilipopatikana hesabu ya Anthony Thompson, bwana wa baba yake, inayoonyesha kwamba mwezi Machi 1822 alimlipa mkunga dola 2 kwa kumhudumia Rit, mama yake Harriet. Deni la mkunga ndilo cheti chake cha kuzaliwa. Ng'ambo ya mto Choptank, katika kaunti jirani ya Talbot, alizaliwa Frederick Douglass, mtumwa mwingine aliyetoroka akawa msemaji mashuhuri dhidi ya utumwa, naye alikufa bila kuijua siku yake ya kuzaliwa. Alidhani ni mwaka 1817, akajichagulia tarehe 14 Februari, na ni baada ya kufa kwake ndipo daftari la bwana wake Aaron Anthony lilipoonyesha Februari 1818, katika orodha ya watumwa. Kwa hiyo binti yako akiandika 1817 kwa Douglass, amefuata alichoamini Douglass. Akiandika 1818, amefuata daftari. Mimi ningeandika 1818.

Douglass anafaa sana kuwekwa pamoja na Harriet katika karatasi moja, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza tofauti yao. Alitoroka Baltimore tarehe 3 Septemba 1838 mchana kweupe, kwa treni, akiwa amevaa nguo za baharia na kubeba karatasi ya kuazima, na fedha za safari alizipata kwa msaada wa Anna Murray, mwanamke huru wa Maryland aliyekuja kuwa mke wake. Baadaye akawa msemaji aliyesikilizwa Marekani na Uingereza. Mwezi Agosti 1868 alimwandikia Harriet barua, akasema kwamba kazi yake yeye ilifanyika hadharani na kushangiliwa, ilhali mashahidi wa kazi ya Harriet walikuwa anga la usiku wa manane na nyota zilizonyamaza. Barua hiyo ni fupi na mtoto anaweza kuinukuu.

Kosa moja ambalo mwalimu huenda bado hajaliona kwenye karatasi ya binti yako, kwa kuwa wengi hulifanya: Lincoln hakuwaachia huru watumwa wa Maryland kwa tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863. Tangazo lile lilihusu majimbo yaliyoasi, na Maryland haikujitenga. Watumwa wa Maryland walipata uhuru tarehe 1 Novemba 1864, kwa katiba mpya ya jimbo iliyopita kwa tofauti ya kura 375 tu, na kura za askari waliokuwa vitani ndizo zilizoiokoa. Vivyo hivyo kwa Benjamin Banneker, yule mtu huru mwenye kipaji cha hesabu na nyota, aliyezaliwa mwaka 1731 katika kaunti hiyohiyo mnayoishi: ni kweli alishiriki katika upimaji wa mipaka ya mji mkuu mwaka 1791, ni kweli alichapisha kalenda za nyota, ni kweli alimwandikia Thomas Jefferson barua ya kumhoji juu ya utumwa, lakini si kweli kwamba aliuchora upya mpango wa jiji la Washington kutoka kichwani.

Nimfikie babu wa Voi, na hapa inabidi nimvue kofia kabla ya kumsahihisha. Amekumbuka jambo ambalo vitabu vingi vya shule vya Marekani havina. Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore tarehe 2 Julai 1908, akawa wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akashinda mwaka 1954 kesi ya Brown iliyobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Kati ya ushindi huo na ujaji kuna Kenya. Kwa mwaliko wa Tom Mboya, alifika Kenya mwezi Januari 1960, kisha akaenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba kule Kiambu wakuu wa kikoloni walimzuia kuhutubia mkutano, akaomba aruhusiwe kutoa salamu ya neno moja tu, na neno alilolitamka lilikuwa "Uhuru!" Umati ukalipuka.

Alichokiandika ni rasimu ya sura ya haki za binadamu. Aliazima kutoka katiba ya Nigeria na Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, akatia mkazo wake katika ulinzi wa mali na haki ya kwenda mahakamani, kwa sababu swali lililokuwa mezani lilikuwa hatima ya ardhi na ya walowezi Wazungu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea wachache weusi mbele ya wengi weupe alijikuta akiandika vifungu vya kuwalinda wachache weupe mbele ya wengi weusi, na aliifanya kazi hiyo kwa moyo uleule. Alirudi Kenya mwaka 1963 na kuuliza waziwazi juu ya namna Wahindi walivyokuwa wakitendewa. Hata hivyo katiba ya uhuru ilitokana na mazungumzo ya miaka mitatu baina ya vyama vya Kenya na serikali ya Uingereza, na hati ya mwisho ya haki ilitayarishwa na wanasheria wa Wizara ya Makoloni. Kwa hiyo binti yako asiandike "aliandika katiba ya Kenya". Aandike: "Mwaka 1960 aliwashauri wajumbe wa Kenya mjini London na kuwaandikia rasimu ya sura ya haki." Sentensi hiyo itasimama mbele ya mwalimu yeyote.

Juu ya kulalamika, nikuambie ninavyoona. Ukienda na shabaha ya kumtetea mtoto kwa tarakimu zile, utashindwa, na mtoto atakuona ukishindwa. Ukinyamaza kabisa, atabaki na jeraha la karatasi iliyochafuliwa bila maelezo, na hapo mwalimu naye ana sehemu yake ya lawama, kwa kuwa "70 hivi" pembeni mwa ukurasa si funzo. Njia ninayoipendelea ni kuomba dakika kumi za kuonana naye ana kwa ana, binti yako akiwepo, mkauliza: tarakimu yako umeipata wapi, na twaweza kuandika upya? Walimu wengi hufurahi kuulizwa hivyo. Lakini ukigundua kwamba kilio kile kilikuwa na kingine nyuma yake, kwamba wenzake wanamcheka au wanamtania kwa habari za utumwa, basi hilo si suala la tarakimu tena. Lipeleke kwa mwalimu mkuu na mshauri wa wanafunzi bila kuchelewa.

Kwa karatasi zenyewe, zipo mahali panapofikika. Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Maryland iko Annapolis, na wafanyakazi wake wamezoea kuwasaidia wasio wataalamu kusoma mwandiko wa karne ya 19. Katika jengo la bunge hukohuko Annapolis, sanamu za Harriet na Douglass zimesimama tangu mwaka 2020 ndani ya ukumbi ambamo utumwa ulifutwa mwaka 1864. Mkipata Jumamosi moja, vukeni daraja la ghuba mwende Church Creek, safari ya gari ya saa mbili hivi kutoka kwenu, kwenye kituo cha wageni cha Harriet Tubman. Kutoka hapo nendeni hadi duka la zamani la Bucktown, ambako alipigwa kichwani akiwa msichana kwa jiwe la mizani lililorushwa kumlenga mwingine, jeraha lililomsumbua maisha yake yote. Mtoto ashuke atembee kidogo kando ya vinamasi vile, aone jinsi pasivyo na kilima cha kujifichia.

Na babu akipiga simu tena, binti yako asimwambie kwamba amekosea. Amwulize alikuwa na umri gani mwaka 1960, alikuwa wapi, na alimsikia nani akilitaja jina la Marshall kwa mara ya kwanza. Aandike majibu kwa maneno yaleyale ya babu, na chini yake aweke jina kamili, mahali na tarehe ya simu hiyo.